Apimwe Akili Kwanza

Mwanasaikolojia alipomaliza kueleza, macho ya Mkasi yalikuwa kwenye pazia la dirishani, ambalo pindo lake lilishonwa na mtu asiyejali, uzi wa kahawia kwenye kitambaa cha buluu. Tangu siku ya kwanza alipoingia chumba kile kupimwa, pindo lile lilikuwa likimkera. Leo ndiyo kwanza aliacha kuliona.

"Kwa hiyo sikuwa na kiburi?" aliuliza.

"Nani alisema una kiburi?"

"Wote."

Mwanasaikolojia, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alivua miwani. "Hapana, mwanangu. Hukuwa na kiburi, wala dharau, wala pepo. Una usonji, na umezaliwa nao. Sauti zinakujia zote kwa mpigo mmoja. Kumtazama mtu machoni kunakuchosha. Maneno ya mafumbo unayachukua kama yalivyotamkwa. Na miaka yote hii umeishi ukiigiza kwamba hayo hayakusumbui. Dada yako aliponisimulia utoto wako, nilijiuliza umefikaje hapa bila kuanguka."

"Nilikuwa naanguka," Mkasi alisema. "Naanguka chumbani, mlango ukiwa umefungwa."

Ndipo machozi yakamtoka. Hayakuwa na uchungu. Yalikuwa kama ya mtu aliyevaa kiatu kinachombana tangu utotoni, akiambiwa mguu wake ndio mbaya, hadi leo mtu alipopima mguu.

Watu walimwita binti huyu Mkasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya kushona sare. Alikuwa akimtazama mtu mabegani mara moja tu na kukata nguo yake bila kumzungushia utepe wa kupimia. Ya pili ilikuwa ulimi wake. Ukimuuliza kama umependeza, akiona hujapendeza, atakuambia hujapendeza, kisha atashangaa kwa nini umenuna.

Mchumba wake alikuwa kijana aliyeitwa Pasi. Yeye na mama yake walikuwa na duka la dobi mtaa wa pili kutoka karakana, nguo za karakana zikipelekwa huko kunyooshwa kabla ya kukabidhiwa wenyewe. Lakini si kunyoosha nguo tu kulikompa jina. Pasi hakuwa mtu wa kupoa. Anaongea huku anakunja shuka, anakunja shuka huku anachungulia nje, anachungulia nje na shuka amelisahau. Siku ya kwanza alipokuja kuchukua mzigo wa sare, alimwaga hadithi mbele ya meza ya Mkasi, akaruka kutoka moja hadi nyingine, mpaka Mkasi akaweka chini kitambaa.

"Ile ya kwanza hukuimaliza," alimwambia. "Yule mzee aliyeleta suti yenye panya mfukoni. Ikawaje?"

Pasi alibaki mdomo wazi. Maisha yake yote watu walikuwa wakimwambia anyamaze. Hakuna aliyewahi kumwomba amalize.

Basi ndiyo yakaanza. Mabinti wa karakana wakaimba, "Mkasi na Pasi, nguo iko wapi?" Naye Pasi, ambaye hakupenda kuandika, alimtumia ujumbe wa sauti kila asubuhi. Mkasi aliusikiliza akiwa peke yake, simu ikiwa sikioni. Kila Mkasi alipopita pale dukani, Pasi alizima kwanza mashine ya kukausha, maana aligundua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba mngurumo wake unamtesa. Mama yake alilalamika kwamba nguo za wateja zitavunda. Pasi alijibu, "Zivunde tu."

Tatizo lilianza siku ya kuvalishana pete. Nyumba ya Mama Dobi, kama mtaa ulivyomwita mama yake Pasi, ilifurika watu. Redio ilikuwa juu, watoto wanapiga kelele, wanawake wanajipanga kumkumbatia mkwe. Mkasi alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akaingia bafuni, akajifungia, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mikono masikioni. Dada yake ndiye aliyekwenda kumtoa, na alipotoka wageni walikuwa wakiangaliana.

Mama Dobi aliwasubiri wageni waondoke, akamwita mwanawe.

"Apimwe akili kwanza," alisema. "Ndipo tuongee harusi."

Pasi alimfikishia Mkasi maneno hayo akiwa ameinamisha kichwa, akitegemea radi. Mkasi alifikiri kidogo, akasema, "Sawa."

"Hukasiriki?"

"Nimekasirika sana. Lakini hata mimi nataka kujua."

Na sasa alikuwa amejua. Alifuta uso, akamshukuru mwanasaikolojia, akateremka ngazi za kliniki akiwa wima kama aliyevishwa nguo mpya.

Pasi alikuwa akimsubiri ndani ya gari la dobi, kando ya barabara, vidole vikipiga ngoma kwenye usukani. Alimwona kabla hajafika, akaruka nje, akamfungulia mlango.

"Enhe? Wamesemaje?"

"Nina usonji."

Alimweleza yote, polepole, kama yeye alivyoelezwa. Pasi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi nzito kuliko kubeba magunia. Alipomaliza, Pasi aliushika mkono wake, akaubusu.

"Mimi sijali," alisema. "Ulivyo ndivyo nilivyokupenda. Hata wangesema una mapembe."

Mkasi alitabasamu. Hakumtazama machoni. Alitazama mkono wake Pasi, ule wenye kovu la kuungua kwenye kiganja, akauona mzuri kuliko vitu vyote mle garini.

Kisha Pasi akakohoa.

"Ila nimewaza kitu. Mama tumwambie hawakuona chochote."

Mkono wa Mkasi ukatulia. "Kwa nini?"

"Ili mambo yaishe. Mama akisikia hilo neno tu, harusi imekufa. Humjui shangazi yangu alivyo, atalitembeza mtaa mzima kama trei ya chai. Tuseme umepimwa, uko salama, basi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mpenzi, ni neno moja tu."

"Ni neno langu. Nimelitafuta tangu nikiwa mtoto. Leo nimelipata, hata halijapoa, na wewe unataka nilimeze?"

"Nataka kukuoa!"

"Unataka kunioa au kunificha?"

Pasi aliwasha gari, akalizima, akaliwasha tena. "Hunielewi. Nakulinda."

"Unajilinda wewe. Ukinioa kwa uongo, kila nitakapoziba masikio mbele ya mama yako itabidi tutunge mwingine. Leo kichwa kinauma, kesho tumbo. Nimeigiza maisha yangu yote, Pasi. Nilidhani kwako ndipo nitakapopumzika."

Maneno hayo yalimpata Pasi pale pale.

"Nipeleke kwa mama yako," Mkasi alisema.

"Leo? Tusubiri kwanza, nimwandae..."

"Sasa hivi. Ama nitateremka niende kwa miguu, na nitafika kabla yako, maana wewe utapotelea njiani."

Pasi angecheka siku nyingine. Leo alikanyaga mafuta hadi dukani.

Mama Dobi alikuwa kwenye chumba cha nyuma ya duka, yeye na wifi yake, yule shangazi, wakikunja mashuka ya hoteli. Mmoja ameshika ncha hizi, mwingine ncha zile, wanasogeleana na kuachana kama wanaocheza. Mvuke ulikuwa umejaa hadi darini. Pasi alikwenda moja kwa moja kuzima mashine. Kimya kilipoingia, wale wanawake wawili waligeuka.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi," alisema Mkasi.

"Marahaba," walijibu kwa pamoja, na shangazi akaongeza haraka, "Majibu?"

"Mama," Pasi alianza, "wamesema kwamba..."

"Wamesema nina usonji," Mkasi alimalizia.

Shangazi aliachia ncha za shuka. Mama Dobi hakuachia za kwake. Alilikunja lile shuka peke yake, akalibandika juu ya mengine, akalipiga kwa kiganja.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," alisema.

"Ulikuwa sahihi kwamba kuna kitu, mama. Ulikosea ulipodhani ni kibaya."

"Sikiliza ulimi huo!" alisema shangazi. "Ndiyo maana hata macho hakupi. Toka lini mkwe akaongea na mama mkwe huku anatazama shuka?"

"Nikikutazama machoni, shangazi, sisikii unachosema. Chagua. Nikutazame, au nikusikie?"

Shangazi akaketi.

"Binti," Mama Dobi alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo maana iliuma zaidi, "sina ugomvi na wewe. Unajua kazi, husengenyi, mikono yako ina baraka. Lakini mimi nina mtoto mmoja. Nataka mke wa kumtuliza. Wewe mwenyewe unahitaji mtu wa kukushika mkono ukiingia penye watu. Kesho na keshokutwa mkizaa, na watoto wakatoka hivyo hivyo? Nani atawalea?"

"Sisi. Huenda wakawa kama mimi. Huenda wakawa kama yeye. Ukiniuliza yupi ni kazi zaidi kumlea, mama, sijui. Wewe umemlea yeye, utuambie."

Shangazi alicheka kabla hajajizuia, akajifanya anakohoa.

Mama Dobi hakucheka. "Mwanangu ni mzima!" Sasa sauti ilipanda. "Usimtie kwenye mambo yako. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kusemwa? Hata huyu walitaka kumpima! Mwalimu wake alinifuata hapa hapa dukani. Eti mtoto hatulii, eti herufi zinamchezea, anaziona zimegeuka, mpeleke kwa wataalamu wakamwangalie, atasaidiwa. Nilimfukuza kama mwizi. Nikamwambia mwanangu hana wazimu. Nikamnyoosha kwa mkono wangu huu. Na leo mtazameni! Si ana duka? Si anaendesha gari? Kuna aliyemcheka?"

Alisema hayo kwa fahari, kifua mbele, kama anayeonyesha kikombe alichoshinda. Hakuona uso wa mwanawe mpaka alipogeuka.

Pasi, ambaye hakuwahi kusimama mahali pamoja, alikuwa amesimama kama nguzo.

"Mwalimu gani?" aliuliza.

"Ah, yule mrefu. Kwani ni muhimu?"

"Nilikuwa na umri gani, mama?"

"Ulikuwa ndiyo kwanza umeng'oka meno ya mbele. Yaliyopita si yamepita?"

"Meno ya mbele." Pasi aliyarudia maneno hayo taratibu. "Mimi nimeacha shule nimeota ndevu. Miaka yote hiyo nimekaa dawati la nyuma nikijua mimi ni mjinga. Wenzangu wanasoma kwa zamu, zamu yangu ikikaribia naomba ruhusa ya kwenda chooni. Mpaka leo, mteja akiniandikia ujumbe, nampigia simu nasema mtandao unasumbua. Na kumbe kuna mtu aliona. Kuna mtu alikuja mpaka hapa akakuambia kuna msaada."

"Sijawahi kukuita mjinga hata siku moja!"

"Kwa mdomo hujaniita, mama. Ulinichapa kwa kushindwa kusoma. Fimbo nayo inaongea."

Mama Dobi alishika ukingo wa meza. "Nilikuwa peke yangu," alisema. "Baba yako amekufa, mtaa mzima unanitazama nitaanguka lini. Unataka ningewapa na hilo waongezee? Mwana wa mjane, tena punguani? Nilikukinga."

"Najua." Pasi alimgeukia Mkasi, na kwa mara ya kwanza siku ile aibu yake ilikuwa wazi usoni. "Na mimi leo nilitaka kumkinga mwenzangu vile vile. Ndani ya gari, kwa maneno hayo hayo. Kumbe nilifundishwa hapa."

Mkasi alikuwa amemaliza la kwake. Aliwaaga wale wanawake wawili kwa heshima, akasukuma mlango, akatoka.

"Na mimi nitaenda kupimwa," Pasi alisema.

"Thubutu!" Mama yake aliruka. "Utakuwa umenivua nguo mbele ya watu. Ukitoka kumfuata huyo, na ukaenda huko, usinirudie hapa."

Pasi alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka juu ya mashuka yaliyokunjwa.

"Shangazi," alisema, "msaidie mama kufunga duka. Lile komeo la chini ni gumu."

Akatoka.

Alimkuta Mkasi mbali, maana Mkasi alikuwa mwepesi wa kutembea akikasirika. Alimkimbilia akipishana na mikokoteni, akapiga hodi kwenye migongo ya watu, mpaka akamfikia kwenye kona ya duka la vioo.

"Nimetoka!" alisema akihema. "Nimemwachia funguo!"

"Vizuri."

"Hufurahi?"

Mkasi alisimama. "Umetoka kwa hasira ya mwalimu aliyefukuzwa. Ni hasira ya haki, na ni yako. Lakini mimi uliniomba nidanganye. Hilo bado lipo hapa katikati yetu, hujalisogeza."

"Niliogopa, Mkasi."

"Hata mimi naogopa. Sokoni naogopa, kwenye sherehe naogopa, leo kwa mama yako nimeogopa. Naingia hivyo hivyo. Sikuombi usiogope. Nakuomba usinifiche ukiogopa."

Watu walikuwa wakiwapita, wengine wakiwageukia. Pasi hakuwajali. Alisimama mbele yake, mikono yake isiyotulia ikiwa imefumbatana.

"Nisamehe," alisema. "Sikukuonea haya wewe. Nilikuwa naona haya kwa niaba ya watu, haya ambayo hata si yangu. Sirudii. Na nikirudia, nikate."

"Nikukate nini?"

"Ni msemo, mpenzi."

"Ah." Mkasi aliangalia chini, na tabasamu likamponyoka bila ruhusa. Kisha likaondoka. "Nakuamini kidogo. Kingine nitaona. Na hilo la kupimwa, usilifanye kwa kunifurahisha. Kule si kwa mchezo. Watakupa mambo unayoyaweza, utajiona mfalme. Kisha watakupa yale uliyoyakimbia maisha yako yote, na mtu amekaa mbele yako anaangalia. Utatamani kuomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Wewe ulitamani nini?"

"Kutoka."

"Kwa nini hukutoka?"

Mkasi alinyanyua uso. Akamtazama machoni, moja kwa moja, jambo alilolifanya kwa nadra sana.

"Kwa sababu nilichoka kuchukiwa kwa jina ambalo si langu," alisema. Macho yakarudi begani kwa Pasi. Hapo akaona kola yake imekunjika, dobi mzima, akainyoosha kwa vidole viwili na kuacha vidole hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Pasi alihamia kwa rafiki yake muuza matairi, akalala kwenye godoro stoo. Alipompigia mwanasaikolojia, aliambiwa jambo ambalo hakulitegemea. Ili wamwelewe vizuri, walihitaji kuzungumza na mtu aliyemwona akikua, anayekumbuka alipoanza kutembea, kusema, kushika kalamu.

"Mtu huyo ni mmoja tu," Pasi alimwambia Mkasi, "na amenifukuza."

Alimtumia mama yake ujumbe wa sauti, akamweleza siku, saa na mahali. Jibu halikuja. Shangazi naye alipoulizwa alisema tu, "Mama yako anapiga pasi mchana kutwa bila kusema. Hata mashuka yaliyokwisha nyooka anayanyoosha tena."

Siku ilipofika, walikwenda wawili. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, na mtoto mmoja aliyekuwa akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi sakafuni huku baba yake akimnong'oneza. Goti la Pasi lilikuwa likirukaruka. Alisimama, akasoma tangazo ukutani, au alijifanya kulisoma, akaketi.

"Waweza kutoka," Mkasi alimwambia. "Sitakucheka."

"Sitoki. Mwili ndio unatoka, mimi nipo." Alimgeukia. "Na sisi je? Mama hajakubali. Pengine hatakubali kamwe. Tarehe ya harusi..."

"Tarehe ipo. Sijaifuta. Nilikuwa nimeacha tu kuiangalia."

"Na sasa?"

"Jana niliiangalia." Mkasi alisogeza kiti chake kikagusa kile cha Pasi. "Lakini nina masharti. Redio hakuna. Wageni ni wale ninaowajua kwa sura. Anayetaka kunikumbatia aniulize kwanza. Na nikitaka kutoka, natoka, nawe hutamwambia mtu kwamba kichwa kinaniuma."

"Nitawaambia nini?"

"Kwamba mke wako ametoka, atarudi."

"Mke wangu ametoka, atarudi," Pasi alirudia, na goti lake likasahau kuruka.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mama Dobi aliingia na aproni yake ya kazini, mikono ingali myekundu kwa maji ya moto, harufu ya sabuni ikamtangulia. Alisimama katikati ya chumba akiwatazama watu wote kama anayesubiri wa kumcheka ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

Pasi alisimama. "Mama."

"Kaa chini. Sijaja kubembelezwa." Alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa Mkasi, maana ndicho kilichokuwa wazi. Kisha akanena, akitazama ukuta, "Wewe binti bado sijakukubali."

"Najua, mama. Na mimi bado sijasahau ile 'apimwe akili'."

"Hata usisahau. Nilisema kwa ubaya." Alijifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. "Ulijua nilichotaka? Nilitaka upimwe, wakute kitu, ukimbie kwa aibu. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Nawe ukaja kusimama dukani kwangu unalisema kwa mdomo wako, kama mtu anayetaja kwao. Tangu siku ile silali vizuri. Najiuliza, mimi niliogopa nini?"

Mkasi alilifikiria swali hilo kwa makini, kwa kuwa kwake swali lilikuwa swali. "Uliogopa watu, mama."

"Nimekuuliza?"

"Ndiyo."

Mama Dobi alimgeukia, akamkazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa akicheka, kicheko cha chini kilichochanganyika na kitu kingine, na alilazimika kushika ncha ya aproni akafuta macho.

Msichana wa mapokezi alichungulia kutoka mlango wa ndani. "Mama wa mgonjwa amefika?"

Mama Dobi alinyanyuka. Alikuwa mfupi, lakini pale alionekana kujaza chumba.

"Hapa hakuna mgonjwa, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kuna kijana wangu. Na mama yake ni mimi. Nionyeshe njia."

Aliingia, akaufunga mlango mwenyewe.

Mbao za mlango ule zilikuwa nyembamba, na sauti ya Mama Dobi haikuwahi kujua kunong'ona. Waliisikia ikianza, kavu mwanzoni, halafu ikilainika kadiri ilivyokwenda. "Andika basi, mama. Huyu hakutambaa. Alikaa, akasimama, akakimbia, na mimi nyuma yake. Siku moja alinipotea, nikamkuta kwa fundi redio, ameifungua redio ya mtu yote. Nilimchapa. Andika na hilo. Niliichapa ile mikono, na ilikuwa mikono yenye akili..."

Pasi alifunika uso. Mkasi hakumwambia anyamaze, wala hakumpa leso. Aliushika ule mkono wenye kovu, akauweka juu ya goti lake, akaushikilia pale hadharani, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri.